Babu Kengele anaondoka: kisa cha kamati iliyopanga kila kitu isipokuwa kumuuliza mwenyewe

Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli. Kinaning'inia kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe, kirefu kama mkono wa mtu mzima, na upande mmoja umepigwa mpaka unang'aa kama sufuria mpya. Hapa Tabora hilo si la kushangaza. Reli ya kati ilifika mwaka 1912, ikasonga hadi Kigoma mwaka 1914, baadaye ikachepuka kwenda Mwanza, na chuma chake chakavu kimetapakaa mitaani. Shule nyingi huita wanafunzi kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ya kwetu ilikuwa mpigaji. Kwingine kengele inagongwa. Kwetu ilikuwa inapigwa, kama ngoma inavyopigwa. Ya kuingia ilikuwa mazito matatu na mepesi mawili. Ya mapumziko ilikuwa na mbwembwe zake. Ijumaa saa nane na nusu ikija ile ndefu, unawaona kidato cha kwanza mabega yanaanza kucheza kabla mwalimu hajafunga kitabu.

Mpigaji huyo aliajiriwa kama mlinzi wa usiku, Januari 2007, shule ikiwa na madarasa mawili na ofisi isiyo na dari. Ilikuwa mojawapo ya zile shule za kata zilizoota kila mahali baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa mwaka 2004. Baadaye akawa mhudumu wa ofisi, mtunza stoo, mfyekaji, na kwa vipindi fulani vyote kwa pamoja. Wanafunzi walimwita Babu Kengele, walimu tulimwita Mzee. Mimi peke yangu nilimwita mtani, kwa sababu mimi ni Mzaramo na yeye ni Mnyamwezi, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Siku niliyoripoti kazini na begi langu, mwaka 2011, alilipokea akaniambia, "Karibu. Babu zangu walikuwa wanatembea miezi mitatu kuja kwenu. Leo mtumwa wangu umejileta mwenyewe, tena kwa treni."

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kumuaga, Desemba 2024. Nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo makosa mengi nitakayoyataja yana saini yangu chini ya muhtasari.

Kwanza niseme alichokifanya, maana bila hicho kisa hakina uzito. Mwanafunzi kupiga dawati ni kosa katika karibu kila shule niliyoifahamu. Kwetu waliokamatwa walikuwa wanaandikwa na mwalimu wa nidhamu, wanachapwa, wanafyeka. Mwaka wake wa pili hivi, Mzee alimfuata mwalimu wa nidhamu wa wakati huo akamwomba orodha ile. Alisema yeye ana nyasi nyingi za kufyekwa, awape adhabu huko. Wakapelekwa. Wakafyeka nusu saa, kisha akawaketisha nyuma ya jiko juu ya madumu ya mafuta yaliyopinduliwa na kuwaambia wapige kile walichokuwa wanapiga darasani, ila safari hii kwa mpangilio. Kikundi cha ngoma cha shule kilizaliwa kutokana na daftari la makosa. Miaka yote iliyofuata, ukimuuliza anachaguaje wanafunzi, alijibu, "Ninyi ndio mnanichagulia."

Aliwafundisha hiyari, ambayo ni ngoma ya kwao, na manyanga, pamoja na kutengeneza manyanga yenyewe kwa vibuyu na punje. Hakuwa mtu wa nadharia. Hakuwahi kusema neno "utamaduni" mbele yangu, na sikuwahi kumsikia akilaumu muziki wa simu. Wasichana wakija na mtindo wa kucheza waliouona kwenye simu, aliwauliza mguu unashuka kwenye pigo lipi, akautafutia nafasi. Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, kikundi kilikuwa kinaitwa viwanjani. Mwenge ukipita kiliitwa. Mwaka 2022, mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalipofanyika Tabora, timu moja ya mbali ilifika na ngoma mbili zimepasuka njiani, na aliyeziwamba upya usiku kucha ni mlinzi wetu, kwa ngozi zake. Hawakumjua jina. Walimtumia maandazi.

Sitadanganya kwamba ngoma iliwafaulisha watoto mitihani. Wengi wa waliopita kwake leo ni bodaboda, mafundi, wakulima wa tumbaku upande wa Urambo, mama wa nyumbani. Mmoja aliendelea hadi chuo cha sanaa Bagamoyo, na huyo ndiye tunayempenda kumtaja kwenye hotuba, kama kwamba wengine hawahesabiki. Ninachoweza kukisema kama mwalimu wa darasa ni kuhusu Ijumaa. Shule ya kutwa ikifika Ijumaa mchana huanza kuvuja: huyu anatumwa sokoni, yule anaumwa tumbo. Kwetu daftari la mahudhurio la Ijumaa halikuwa na matundu, na sote tulijua sababu: ndiyo siku ya ngoma.

Sasa kisa.

Septemba 2024 Mzee alikuja ofisini akasema magoti yamekataa, mwisho wa mwaka anapumzika. Alikuwa ameshapita miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hulazimika kustaafu, kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Mkuu wa shule akaunda kamati ya watu saba. Jioni ile ile likafunguliwa kundi la WhatsApp, na ndani ya wiki tano michango ikafika shilingi 1,640,000: walimu 22 kwa 20,000 kila mmoja, 900,000 kutoka kwa waliowahi kusoma kwetu, na 300,000 za wajumbe wa bodi na wazazi. Nakiri nilishikwa na raha. Ukiona mtu anatuma 5,000 akiwa machimboni huko Geita na kuandika "ya Babu hiyo," unajiona umefanya jambo.

Bajeti ya kwanza tuliipitisha kwa dakika kama arobaini. Chakula na vinywaji 620,000. Mshereheshaji na muziki 300,000. Viti, turubai na mapambo 250,000. Picha na video 150,000. Keki 90,000. Zawadi kwa mhusika, 230,000.

Ukipiga hesabu, katika kila shilingi 100 iliyochangwa kwa jina lake, 14 ndizo zilikuwa zinamfikia. Hakuna aliyezipiga. Sikuzipiga hata mimi ninayefundisha hisabati.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu rahisi ni kwamba sherehe kwetu ina kalibu moja, ya harusi, na tukishaambiwa "kamati" mikono inaandika yenyewe: mshereheshaji, keki, mapambo. Jibu la pili ni sapraizi. Siku hizi kila kitu lazima kiwe sapraizi, na mtu wa sapraizi haulizwi. Lakini jibu ninaloliamini ni la tatu, na halipendezi. Tungemuuliza Mzee anataka nini, angeweza kututajia ambacho hatukutaka kukisikia.

Maana Mzee hakuwa na pensheni. Aliajiriwa na bodi ya shule, hakuwa mtumishi wa halmashauri, na mshahara wake ulitoka kwenye mchango wa mlinzi waliotoa wazazi. Januari 2016 ada ya kutwa ya 20,000 ilipofutwa na michango ya lazima kupigwa marufuku, jambo ambalo kwa watoto wengi lilikuwa neema, hakuna aliyekaa chini kuuliza mlinzi atalipwa na nani. Alikaa miezi bila kitu. Kisha ikawa mara mauzo ya mahindi ya shamba la shule, mara mfuko wa mjumbe mmoja wa bodi. Mwajiri kama bodi yetu alipaswa kumwandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na kumchangia. Masharti ya pensheni ni michango ya miezi isiyopungua 180. Kuanzia Januari 2007 hadi Desemba 2024 ni miezi 216. Angekuwa amevuka zamani, na akiba. Iliyochangwa ni sifuri. Bodi zilibadilika, wakuu wa shule walibadilika, kila mmoja alimkuta yupo na akamwacha hivyo hivyo. Sisi walimu, wenye mfuko wetu unaokatwa kila mwezi, tulikuwa tunapita getini anatuamkia.

Aliyevunja mpango wetu ni binti wa kidato cha tatu, kiongozi wa kikundi. Alikuja mezani kwangu katikati ya Oktoba akasimama kwa adabu zote, akauliza, "Shikamoo mwalimu. Babu akiondoka, ngoma zitakaa wapi?"

Nikamwambia stoo, palepale zilipo.

"Na ufunguo?"

Nikanyamaza. Ufunguo wa stoo ulikuwa wa Mzee. Kufuli lenyewe lilikuwa la Mzee. Na nilipokwenda kuhesabu, ngoma saba kati ya tisa zilikuwa zake pia, amezichonga mwenyewe kwa mninga aliopata vipande kwa maseremala. Tulikuwa tunapanga kumuaga mtu ambaye, akiondoka na mali yake, kikundi tulichotaka kukisifia kwenye hotuba kingebaki na ngoma mbili na dumu.

Jumapili nikapanda baiskeli hadi kwake, kama mtani. Nasisitiza hilo kwa sababu kama katibu nisingepata kitu. Angeniambia "nyie tu mtakavyoona," kama wazee wanavyojibu wakubwa wa kazini. Mtani hajibiwi hivyo. Nilimkuta uani na beseni la maji, ngozi ya mbuzi imelowekwa tangu jana yake. Akaitoa, akaitandaza juu ya ubao na kuanza kunyoa manyoya kwa kisu butu, polepole, akisukuma na si kukata. Kisu kikali kinatoboa, alisema. Kisha akaigeuza, akaivuta juu ya mdomo wa ngoma, akapigilia kijiti kimoja kaskazini na kimoja kusini, mashariki na magharibi, ndipo akarudi katikati. Ukipigilia kwa kufuatana kuzunguka, ngozi inavutika upande mmoja na ngoma italia kama mtoto mwenye mafua.

Nikamwambia, mtani, tunakufanyia sherehe. Akasema anajua, mke wa jirani yake yuko kwenye kundi la WhatsApp. Sapraizi ikaishia hapo.

"Sasa unataka nini?"

Alipigilia vijiti viwili zaidi. "Mzaramo ukimwambia unataka kitu, kesho ngoma yenu nzima ya mdundiko inakijua."

"Sema tu. Nimekuja bila mdundiko."

Akataja. Anataka Ijumaa ibaki kwenye ratiba, iandikwe, isiwe hisani ya mkuu wa shule aliyepo. Ufunguo akabidhiwe yule binti na mwenzake wa kidato cha pili, wanafunzi, si mwalimu, kwa sababu walimu wanahamishwa. Ngoma saba anaziacha, lakini kwa maandishi kwamba ni za kikundi, zisije zikaonekana kwenye ofisi ya mtu. Na anataka barua. Inayosema fulani amefanya kazi hapa tangu lini hadi lini. "Miaka kumi na minane, mtani. Mtu akiniuliza nilikuwa wapi, sina hata karatasi."

Hakutaja fedha. Mkewe ndiye aliyezitaja, kutoka jikoni, bila kutoka nje: chumba cha nyuma hakina bati na mvua ndiyo hiyo inaanza.

Na hapo ndipo nikaona jambo jingine lililotuponyoka sote saba. Juu ya kamba ya kuanikia nguo kulikuwa na marinda ya kikundi, yale mekundu yenye utepe mweupe. Nilikuwa nikiyaona kila mwaka na sikuwahi kujiuliza nani anayashona. Alikuwa anayashona huyo mama, kwa mkono, tangu cherehani yake ilipokufa, wala jina lake halikuwa popote kwenye ratiba ya sherehe. Hata kwenye meza kuu hatukumwekea kiti. Tulipanga mstaafu akae kati ya mgeni rasmi na mwenyekiti wa bodi.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko chochote nilichowahi kukiandikia muhtasari. Mweka hazina alisema watu wamechanga kwa ajili ya sherehe, kuzigeuza ni kuvunja uaminifu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na nisingependa msomaji aidharau. Tulichokifanya ni kuandika kwenye kundi, wazi, bajeti ya zamani na mapendekezo mapya, tukawapa siku nne anayetaka arudishiwe chake aseme. Hakusema mtu. Mmoja aliuliza tu kwa nini tulikuwa na fungu la video. Mwalimu wa historia, asiyekosa neno, akakumbusha kwamba mji huu ndio TANU ilikopitisha Uamuzi wa Busara mwaka 1958, na sisi tumeshindwa na uamuzi wa keki. Tukacheka, kikao kikapita.

Mshereheshaji akaondolewa, kazi hiyo nikaifanya mimi bure. Video ikafutwa. Mapambo yakafutwa, ule mwembe unatosha. Chakula kikashuka hadi 480,000, akina mama wa mtaa walipojitolea kuleta matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, mboga za majani zilizokaushwa. Turubai 80,000, spika 50,000, keki ikabaki 90,000 kwa sababu wajukuu walikuwa wameshaambiwa. Bati 20 zikagharimu 540,000, na cherehani ya mama 320,000.

Barua ndiyo iliyotutesa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni karatasi moja: jina, kazi, tarehe. Lakini kuandika "tangu Januari 2007" ni kukiri kwa muhuri kwamba mtu alikuwa mwajiriwa wako miezi 216 na hukumchangia. Mjumbe mmoja wa bodi alipendekeza iandikwe "alijitolea." Nilikuwepo, na sitasahau ukimya uliofuata. Mkuu wa shule, ambaye hadi wakati ule hakuwa upande wowote, akasema yeye hatii saini neno hilo. Likaja pia suala la kiinua mgongo. Sheria inakitaja pale mwajiri anapovunja mkataba: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, usiozidi miaka 10. Mzee aliomba mwenyewe kupumzika, kwa hiyo mtu wa kubishana angebisha. Bodi, kwa heshima yake, haikubisha. Ilikubali siku 70. Kwa mshahara wake wa 150,000 ukigawa kwa siku 26 za kazi, inakuja kama 404,000. Walilipa nusu Desemba na nusu wakaahidi Machi.

Siku yenyewe, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nitaipita haraka. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili na nusu. Kosa letu lilikuwa kuwangojesha watoto chakula kwa ajili yake, na wadogo wawili wakaishiwa nguvu pale kwenye jua. Mwanamke mmoja mzazi akaja kutufokea, akawagawia matobolwa bila kuomba ruhusa, na alifanya vizuri. Mvua ikanyesha alasiri, ngozi zikalegea, vijana wakakimbiza ngoma jikoni kuziotesha moto. Nilitumia utani wangu wote. Nilipomkabidhi barua nikasema nimemwandikia mtumwa wangu karatasi ya uhuru. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote akiwa amesimama, mstari kwa mstari, watu 200 wamenyamaza. Kisha akanirudishia. Tarehe ya kuanza ilikuwa imeandikwa 2017.

Ilirekebishwa Jumanne. Karani aliisahihisha kwa kalamu, Mzee akaikataa, ikachapwa upya.

Mama alikaa meza kuu. Hakusema neno, ila alipoitiwa cherehani alikwenda kuifungua palepale, akazungusha gurudumu mara mbili kusikia kama lina kelele, ndipo akapeana mkono na mwenyekiti.

Januari shule imefunguliwa. Ijumaa iko kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, kipindi cha nane, "sanaa za maonesho." Binti wa ufunguo ndiye anayepiga reli, na mapigo mepesi mawili bado yanamkimbia, yanakuja mapema. Mzee anakaa mbali kiasi cha kuyasikia upepo ukielekea kwake, na ameshatuma ujumbe kwa bodaboda mara mbili. Nusu ya pili ya malipo naidai mimi kwenye kila kikao cha bodi ninachoalikwa. Nimewaambia mtani akidai hachoki. Baada ya usafiri wa bati, 42,000, kamati ilibakiwa na 38,000. Tulinunua ngozi mbili za mbuzi machinjioni. Moja imeshawambwa. Ya pili iko kwenye beseni nyuma ya jiko tangu jana, na kidato cha pili wanalalamika kwamba inanuka hadi darasani.